Uliza Fundi: pete zinazoangukiana, mfenesi wa bakhti na bakuli lililotiwa urojo

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya bakuli la mbao linalokatwa kwa msumeno wa skroli, bila keezo (ile mashine inayozungusha mti ukikerezwa), kutoka kwenye ubao mmoja bapa, nkadhani watu watasoma wapite, kumbe weee, meseji zimemiminika kutoka Mjini, shamba na Pemba mpaka simu ikawa inaning'unia usiku. Kwa aliyekosa: ni kamashine ka mezani, kana bledi nyembamba sana inayopanda na kushuka, bledi imekaa palepale, wewe ndo unausukuma ubao. Unaukata ubao pete pete, unazipandisha moja juu ya mwenziwe, unatia gundi, unapiga msasa, bakuli hilo. Yote siwezi kujibu, nimechagua yanayorudiwa na wengi, na moja limenichekesha nimeliweka mwisho.

*Fundi, assalaam alaykum. Mie nipo Mwanakwerekwe. Nimenunua mashine ya skroli ya mtumba, nzima kabisa, nkachukua ubao wa mninga nkachora duara tano kwa bikari, moja ndani ya nyengine, nkakata, msumeno unapita kama unakata boflo. Sasa nikijaribu kuzipanga, pete kubwa nikiiweka juu ya ndogo inaivaa tu inashuka mpaka mezani, zote zinarudi kuwa ubao uleule. Mbona kwenye video zinasimama? Nimekosa wapi?*
*Mwenye pete tano*

Waalaykum salaam kaka. Mashine haina kosa na mkono wako hauna kosa, ulichokosa ni pembe. Umekata wima. Ukikata wima pete ya nje na ya ndani zinakaa kama sufuria za seti, moja inaingia ndani ya mwenziwe, hakuna pa kukanyagia. Bakuli la ubao mmoja linasimama kwa sababu bledi inapita kwa mlalo, kila pete inakuwa pana juu na imebana chini, kama kikombe cha kahawa cha barazani, mdomo mpana kitako chembamba. Ukipata mlalo sawasawa basi chini ya pete kubwa panakuwa na upana uleule wa juu ya pete inayofuata, inamkanyaga mwenziwe ukingo kwa ukingo.

Sasa mlalo kiasi gani, hapo ndo pana hesabu na hesabu yenyewe si kubwa, ile ya pembetatu tuliyofundishwa skuli tukasema itatusaidia nini maishani. Chukua upana wa pete uugawe kwa unene wa ubao, jibu lako ndo tanjenti ya pembe. Kikokotoo cha simu kina kitufe cha tan kilichoandikwa -1 juu yake, kibonyeze hicho. Ubao wangu mimi mara nyingi ni milimita 20 baada ya kupigwa randa, nikitaka pete ya milimita 6 naulaza kama digrii 17, pete ya 8 digrii 22, pete ya 10 digrii 26 na nusu, pete ya 12 digrii 31. Ubao ukiwa wa milimita 25 na pete ya 10 unarudi kwenye 22. Utaona mwenyewe kwamba pete ikizidi upana bakuli linazidi kufunguka kama sahani, pete ikiwa nyembamba kuta zinasimama. Lakini chini ya milimita 6 sikushauri bado, maana msasa nao unakula, utajikuta umetoboa ukuta.

Kama hesabu za simu hutaki, chukua karatasi, chora mstari wa kusimama wenye urefu wa unene wa ubao, kutoka kwenye ncha yake ya juu chora wa kulala wenye upana wa pete, unganisha ncha mbili zilobaki, huo mstari wa mshazari ndo njia ya bledi yako. Pima pembe iliyo kati yake na mstari wa kusimama, kwa kipimapembe cha mtoto wa skuli. Mie nilianza hivo hivo.

Meza ya mashine nyingi inalazwa upande wa kushoto, legeza kitasa chini, ilaze, usiamini ile namba iliyochapwa pale maana kwenye mashine za bei ndogo inadanganya digrii mbili tatu, weka simu yenye pima maji juu ya meza usome hapo. Kisha kaza kitasa mpaka kikate pumzi. Bakuli langu la pili lilikufa kwa sababu hiyo, kitasa kililegea katikati ya pete ya tatu, meza ikashuka taratibu bila kuniambia, nilipopanga pete mbili za juu zimekaa kama malkia na ya tatu inacheza ndani kama jino bovu.

Na hili ndo linawakosesha watu hata wakishalaza meza: upande wa kukatia. Meza ikilala kushoto, katikati ya bakuli pakae kushoto kwa bledi muda wote, yani upande ulioshuka. Ukizungusha kinyume unapata pete pana chini na nyembamba juu, halafu unakaa unajiuliza. Kabla ya kuugusa mninga wako chukua kipande cha mbao ya kutupa, kata pete mbili tu, zipandishe. Zikikaa, endelea.

Tundu la kuingizia bledi nalo litobolewe kwa mlalo uleule, likielekea katikati ya bakuli, si wima. Njia ya kimaskini nzuri: meza ikiwa bado imelazwa, kata kipande cha mbao pembeni, mkato wake utakuwa na pembe ileile, kisimamishe ubavuni mwa drili kikuonyeshe njia. Kwa bledi zisizo na pini tundu la milimita 2 linatosha. Mashine yako ya mtumba kama inachukua bledi zenye pini (kijichuma kilichokingama) mwishoni, tundu linabidi liwe kama milimita 5 na zaidi na litabaki kidonda ukutani, watu wanauza vishikio vya kubadilishia, ulizia kabla hujakata tamaa.

Ubao wa sentimita 20 kwa 20, unene milimita 20, pete 4 za milimita 8 pamoja na kitako utapata bakuli la kimo kama sentimita 10, pete 6 na kitako sentimita 14. Ubao mmoja huo, na kinachopotea ni vumbi tu. Hebu fikiria keezo ingetaka gogo la ukubwa gani kwa bakuli lilelile.

Hizo pete zako tano usitupe, mpe bi nyumba awekee sufuria za moto mezani.

*Shikamoo fundi. Kaka yangu alie Marekani amenitumia mashine, imeandikwa volti 120. Naichomeka vipi? Na bledi zinanikatikia, nimemaliza dazeni. Mwanafunzi, Michenzani*

Marahaba mwanangu. Usiichomeke ukutani, wetu ni volti 230, itatoa moshi siku hiyohiyo. Tafuta transfoma ya kushusha, chukua yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye mashine, si sawasawa. Jengine watu hawalijui: transfoma inashusha volti lakini mapigo ya umeme hayaguswi, kule 60 kwa sekunde huku 50, kwa hiyo mota nyengine zinakwenda pole kidogo na zinapata joto upesi. Ipumzishe, ishike mgongo kwa kiganja, ikishakuwa ya moto nenda kasali urudi.

Bledi zinakatika kwa mambo mawili. Unasukuma kwa nguvu, au umezilegeza. Ivute kwa kidole kama uzi wa udi, itoe sauti ya juu, ikitoa sauti nzito imelegea. Kwa ubao wa milimita 20 tumia namba 7 au 9, namba ikipanda bledi inanenepa, vinamba 1 na 2 ni vya mapambo ya mbao nyembamba. Na mwendo upunguze. Mwenye haraka atakata vidole.

(Umeme ukikatika kuna msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde na bledi ileile ndogo. Nilikata pete kwa huo ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima cha Unguja kinanguruma majenereta. Pete moja ilichukua asubuhi nzima na mlalo ulikuwa wa kubahatisha. Lakini nilijifunza mkono.)

*Fundi salaam kutoka Wete. Baba mkwe ameangusha mfenesi nyuma ya nyumba, gogo kubwa, anasema nichukue kabla halijapasuliwa kuni. Linafaa bakuli? Na mkarafuu jee, na mwembe, na mnazi? Huku hatuna duka la mbao za maana, nataka kutumia vya hapa. Dada anayependa vumbi*

Wa alaykum salaam dada yangu, na mpe mkweo mkono kwa niaba yangu. Mfenesi! Watu Mjini wanautafuta huu, wewe umeangukiwa nao uani. Ni mti wa kazi zetu tangu zamani, vitanda, makabati, milango ya watu wa kawaida, wakati milango ya wakubwa kule Mji Mkongwe ilikuwa msaji ulioletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Ukiupasua ni njano kama yai la kienyeji, na kadri siku zinavyokwenda unakoza, unakuwa kama asali. Mie nina bakuli la miaka sita, watu hawaamini kama lilikuwa njano. Ni laini kwa bledi, haupasuki hovyo, unang'ara ukipigwa msasa. Kwa anayeanza, mbele ya mfenesi sioni mwengine.

Ila haukatwi leo ukawa bakuli kesho. Mbichi una ulimbo, utaziba meno ya bledi na pete zako zikikauka zitakuwa mayai. Fanya hivi. Leo hii paka rangi au nta ya kuyeyusha kwenye ncha mbili za gogo, maji yanakimbilia huko na ndiko linakoanza kupasuka. Lipeleke likapasuliwe mbao za milimita 25 hadi 30, zipange kivulini penye upepo, katikati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene mmoja, juu kandamiza na mawe. Bati juu lakini ubavuni wazi. Wazee wanasema inchi moja mwaka mmoja, na Pemba mvua zenu mnazijua wenyewe, masika yakiwakuta bado mbichi msihesabu miezi hiyo. Ukitaka kujua umekauka, chukua ubao mmoja upeleke kwa muuza duka akupimie kwenye mizani, andika, baada ya wiki pima tena, siku uzito utakaposimama usishuke tena basi umefika, kwa hali ya hewa yetu hauendi zaidi ya hapo.

Na hapo ndo uone uzuri wa bakuli la ubao mmoja. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inauchezesha mti, unavimba wakati wa mvua unanywea kiangazi, na kila mti unacheza zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kufuata nyuzi. Pete zote zikiwa zimetoka ubao mmoja, na ukazipanga nyuzi zake zielekee kulekule zilikotoka, zinavimba pamoja na kunywea pamoja, gundi haivutwi. Kwa hiyo kabla hujakata hata pete moja piga mstari wa penseli kuvuka ubao mzima kufuata nyuzi, ukishakata kila pete itakuwa na alama yake, wakati wa kugundisha unazikutanisha alama. Kuna wanaozizungusha kusudi wapate madoido, wafanye, nyufa zikija wasinitafute.

Mwembe mzuri, una michirizi ya kijivu na hudhurungi inayopendeza sana, wasiwasi wake ni vumbi, watu wengine linawawasha ngozi kama utomvu wa embe unavyowachoma midomo, na mkorosho ni jamaa yake. Jaribu kidogo kwanza. Mnazi una vidoadoa vya kupendeza, tumia sehemu ya nje ya shina tu, ya katikati ni laini kama sponji, na uwe na bledi za kutosha maana unazila. Mkarafuu usiguse ulio hai bila kupita kwa sheha na watu wa kilimo, hilo nyie wa Pemba mnalijua kunishinda mie.

Vumbi lolote dada, hata hilo unalolipenda, vaa barakoa. Mvule na msaji khasa, utapiga chafya mpaka Chake wakusikie.

*Mimi ni mzee, nimekereza miguu ya samadari na vinara tangu keezo inavutwa kwa kamba. Hicho mnachokiita bakuli mimi nakiona ni viraka. Bakuli linatoka kwenye gogo, limetimia, halina gundi. Msiwapoteze vijana. Babu wa Ng'ambo*

Shikamoo babu. Ulosema nimelisoma mara mbili, na nusu yake nakubali. Bakuli lilokerezwa kutoka gogo moja ni jambo jengine, nyuzi zinakwenda bila kukatika, unaweza kulitia uji, na mkono wa mkereza unaonekana. Chano cha bibi yangu kilikuwa cha gogo moja na kimewazika watu watatu katika familia, bado kipo.

Lakini babu, keezo nani anayo leo? Inataka nafasi, inataka gogo zima, inataka miaka ya kukaa karibu na mtu kama wewe, na watu kama wewe wamebaki wangapi hapo Ng'ambo? Huyu kijana anakaa chumba kimoja Michenzani, ana mashine inakaa juu ya meza ya kulia chakula, na ubao aloupata kwenye kitanda kilichovunjika. Na kuna vitu hichi kimsumeno kinafanya ambavyo keezo haifanyi, keezo kila kitu inakitoa mviringo, huku tunakata bakuli la umbo la jani, la moyo, la yai, la maua, ukishakata pete ya kwanza unaiweka juu ya ubao uliobaki unachora kwa ndani yake, pete ya pili inafuata umbo lake, mpaka kitako. Kuhusu viraka, nikubalie kimoja: ubao mmoja, nyuzi zimekutanishwa, ukipigwa msasa vizuri mistari ya gundi unaitafuta kwa macho. Nikija Mjini nitakuletea ulipime. Ukilikataa nitaliacha hapo hapo kwako litiwe tende.

*Fundi mie ni mama wa watoto wanne, Chukwani. Kukata nimeweza, nimegundisha nimeweza, msasa ndo unaniua. Ndani ya bakuli mkono haufiki, vidole vimetoka damu na bado linaonekana lina ngazi kama lile jumba la Beit el Ajaib. Nilidhani ndo raha ya jioni kumbe adhabu.*

Pole mama. Umecheka mwenyewe nami nimecheka, hizo ngazi ni za kawaida, bledi inakula kama nusu milimita katika kila mkato kwa hiyo pete hazikutani sawa kabisa, panabaki kijingazi. Watu wanadhani kazi ni kukata. Kukata ni dakika arubaini, msasa ni siku mbili, atakayekwambia vyengine anauza mashine.

Kosa lako nalijua bila kuona: umegundisha kitako mapema. Usigundishe kitako! Gundisha pete peke yake, upate kitu kama bomba lililofunguka juu na chini, hapo mkono unaingia huku unatokea kule, mwanga unapita, unaona ngazi zote. Msasa wa ndani umalize hapo. Kitako kipige msasa uso wake wa juu mbali, kikiwa bapa mezani, kisha ndo ukigundishe mwisho, ubaki na kimstari kimoja tu cha kusafisha kwa ncha ya kidole.

Msasa anza na namba 60 au 80, na usihame mpaka ngazi zote zimekwisha, hapa ndo watu wanafanya haraka wanakwenda 120 wakitumai itamalizia. Haimalizii, inang'arisha ngazi. Baada ya hapo 120, 180, halafu futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, liache bakuli likauke, utaona vinyweleo vimesimama, piga tena 180, kisha 240. Kwa ndani kata kipande cha sponji la godoro bovu, duara kama kikombe, kigundishe kwenye kibao kidogo chenye boliti katikati, juu yake gundisha msasa, boliti iingie kwenye drili. Drili iende pole. Sponji linafuata mviringo wa ukuta na vidole vyako vitapona.

Na gundi, kwa sababu hukuuliza lakini nimeona picha: ile iliyomwagika ndani uifute ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa kama kioo, msasa unateleza. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, paka nyembamba pande zote mbili, panga, kutanisha alama, kandamiza. Klampu huna? Mbao mbili, boliti ndefu nne za pembeni na nati, unakaza sawasawa pande zote. Hata hizo huna, ndoo ya maji ya lita 20 juu yake, kilo 20 hizo, usiku mzima. Ila hakikisha mtoto hataki maji usiku. Kwa msaji futa kwanza kwa tina pale patakapoingia gundi, ule mti una mafuta yake, gundi haiushiki vizuri.

*Fundi mambo! Nimemaliza bakuli langu la kwanza, mfenesi, nimelipaka mafuta ya nazi linang'ara balaa. Basi jana wageni wamekuja nkasema ngoja nijidai nkatia urojo wa moto mle ndani. Asubuhi limefanya doa la njano na pete ya chini imefunguka kama mdomo. Nimeharibu? Muathirika, Fuoni*

Hahaha yakhe. Urojo! Mie nimetia vingi kwenye mabakuli yangu lakini wewe umenipita.

Gundi nyeupe ya kawaida haipendi maji na haipendi joto, ukiipa vyote viwili kwa pamoja kwa nusu saa inalegea, na tena ukaongeza ndimu na bizari. Doa la bizari haliondoki kirahisi, lipigie msasa. Pete iliyofunguka hujaipoteza: iache ikauke wiki nzima, ingiza kijisu chembamba uifungue yote kama inakubali, kwangua gundi ya zamani, gundisha upya. Safari hii tafuta gundi iliyoandikwa D3 kwenye chupa, hiyo inastahimili maji maji kidogo. Kidogo, nimesema.

Mafuta ya nazi sikukatazi, ila yajue. Hayakauki, yanakaa tu ndani ya mti, na siku za kipupwe asubuhi yanaganda meupe kwenye vitundu, chini ya digrii 24 hivi ndo tabia yake. Kila baada ya wiki kadhaa urudie, na yakichakaa yana harufu. Mie natumia mafuta meupe ya parafini ya duka la dawa, yale ya kunywa mtu aliyefunga choo, hayana rangi hayana harufu hayaozi. Na tafadhali, tafadhali, duka la dawa, maana kuna mtu alisikia parafini akaenda kununua mafuta ya taa, bakuli lake mpaka leo linanuka kama jiko la mchina. Pasha mafuta hayo sehemu nne na nta ya nyuki sehemu moja, chombo cha mafuta kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Ipoe, ipake kwa kitambaa, ngoja, futa. Ukitumia mafuta ya kitani yale ya kupaka mbao, kitambaa chake usikikunje ukakitupa kapuni, kinajipasha chenyewe mpaka kinawaka, kitandaze nje kikauke.

Ukishalirekebisha litie visheti, karanga, halua kwenye karatasi yake, matunda, mkate. Likichafuka futa kwa kitambaa kibichi, usiliroweke. Wageni wakitaka urojo waendee Forodhani, kule bakuli ni za plastiki na muuzaji ndo anaziosha.